Mlango Usiobana Tena

Nilijua hata kabla sijavua kofia. Ijumaa asubuhi niliingia karakana, theluji ya Aprili bado imenigandia kwenye viatu, nikausukuma mlango wangu kwa kidole kimoja. Ukafunguka. Haukulia, haukukwama, ulikwenda taratibu ukasimama pale pale nilipouachia. Nilikaa kwenye rundo la mbao nikashika kichwa.

Mlango wangu ulikuwa unabana. Tangu Jumatatu ulikuwa unabana chini upande wa kitasa, na ili uufunge ilikubidi uupe bega. Bernadette, mwalimu wetu wa useremala, aliupima hivyo hivyo akaandika kwamba nimefaulu. "Unabana, lakini umesimama," alisema. "Kuna watu hawana hata hilo." Nami nikauacha vile vile, kwa sababu ndiyo kazi ya kwanza niliyoimaliza maishani kwa mikono yangu, na nilikuwa na mpango nao.

Tulikuwa wanawake wanane kwenye yale mafunzo, wote Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa mashariki mwa Kanada, na walimu wawili. Bernadette alitufundisha mbao. Kiju' Malian, bibi wa miaka themanini na mmoja, alikaa kwenye kiti chake karibu na jiko la kuni akitufundisha lugha. Hukupewa chombo mpaka ukitaje kwa Kimi'kmaq. Mwezi wa kwanza nilikaa nusu siku nzima mikono mitupu kwa sababu ya nyundo. Wenzangu walicheka hadi machozi, wakaniita Boston, na jina likanikaa. Ni kweli nilizaliwa Boston. Mama alikimbilia huko baada ya shule iliyomchapa mpaka lugha ikamtoka, na asichokuwa nacho hakuweza kunirithisha. Nilirudi kwetu nina miaka ishirini na sita, sijui hata kuamkia wazee.

Siku ya kwanza kabisa Kiju' Malian alitupa sharti lake.

"Kazi yako ya kwanza si yako. Mwindaji akiua mnyama wake wa kwanza, nyama yote anagawa. Mimi kikapu changu cha kwanza nilikitoa, na nyinyi mtatoa. Mpe mtu ambaye hakukuomba. Atakuuliza swali moja tu, mkono wa nani. Ukimjibu ni wangu peke yangu, hawezi kukataa. Hata kama hakupendi."

"Na ikiwa mbovu, kiju'?" mmoja wetu aliuliza.

"Si ndiyo vizuri. Atajua hukununua dukani."

Wenzangu walicheka. Mimi nilibaki na yale maneno mawili, hawezi kukataa. Kijijini kulikuwa na mtu mmoja aliyenikataa kila nilipokanyaga kwake, na mtu huyo ndiye mama wa mwanamume ninayempenda.

Mama Elisapet alikataa samaki wangu, akakataa shali niliyomletea, akakataa hata kunikalisha. Mumewe alikwenda Boston kufanya kazi miezi mitatu, na miezi mitatu hiyo sasa ina miaka ishirini na miwili. Basi mtu wa Boston kwake ni mtu wa Boston. Mlango wake wa mbele umeoza kwa chini, na kila majira ya baridi huufunga kwa teke. Mwezi wa pili wa mafunzo, akiwa kwenye mchezo wa bingo, niliingia barazani kwake na futi ya kupimia nikachukua vipimo vya fremu, moyo unanidunda utadhani naiba. Nikarudi karakana nikachagua msonobari mzuri. Jumatatu ijayo nilikuwa naondoka kwenda Halifax, miezi mitatu, kazi yangu ya kwanza ya ujenzi. Nilitaka kabla ya hapo Mama Elisapet awe na kitu changu ambacho hawezi kukikataa, ili mwanawe aweze kunioa bila kumvunja moyo.

Sasa mlango haubani tena.

Nilipiga magoti nikatazama sakafuni. Aliyefanya alikuwa amefagia, lakini chini ya meza kulikuwa na maranda matatu, membamba kuliko yangu, yamejikunja vizuri. Nikapitisha kidole ukingoni mwa mlango. Alama za randa zilitoka kulia kwenda kushoto. Katika kijiji kile fundi anayeshika randa kwa mkono wa kushoto ni mmoja, Mattio, mwana wa Mama Elisapet.

Bernadette aliingia na kikombe cha chai, akausukuma mlango, akaurudisha, akausukuma tena.

"Nani kaugusa?"

"Unadhani nani?"

Akatazama ukingo. Akanywa chai kidogo. "Kazi safi," alisema.

"Bernadette, tafadhali."

"Nasema ukweli. Cheti chako hakina neno, nilishapima. Ila ile zawadi yako, sasa ni ya nani?"

Kule kwenye kiti chake Kiju' Malian, niliyedhani amelala, alikuwa anatusikia muda wote. "Si ya mtu," alisema bila kufungua macho. "Mwambie yule kijana akija hapa nina fimbo."

Sikumngoja aje. Nilimkuta nje ya nyumba mpya inayojengwa jirani na kanisa, anapakua mbao kwenye pikapu lake. Mattio ni mtu mrefu, mpole, mwenye mikono ya kushika kitu kwa upole utafikiri kitaumia. Aliponiona alitabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nikakaribia kutabasamu. Hilo liliniudhi zaidi.

"Umeufungua?" aliniuliza.

"Nimeufungua."

"Unakwenda vizuri, eh?"

"Mattio, nani alikutuma?"

Tabasamu likapungua. Akaweka ubao chini. "Ketlin, ulikuwa unabana. Nilikwenda jana jioni kumzimia Bernadette mashine, nikaujaribu. Kidogo tu pale chini. Nimetoa unene wa kucha."

"Sikukuuliza umetoa kiasi gani."

"Mama yangu unamjua. Angeusukuma mara moja ukakwama, angecheka mpaka Jumapili. Angekwambia hata mlango huwezi. Nilitaka nikuokoe na hilo."

"Nani alikwambia nataka kuokolewa?"

Fundi mwenzake, jamaa mnene anayeitwa Sosep, alikuwa juu ya ngazi anajifanya anapiga msumari, lakini nyundo haikusikika.

"Sosep, piga msumari wako," nilimwambia.

"Umeshaingia, dada."

"Basi piga mwingine."

Mattio akanishika kiwiko akanisogeza nyuma ya gari. Harufu yake ya mbao mbichi na kahawa ikanijia puani, na nikautoa mkono wangu kabla haujaanza kumsamehe.

"Ni kazi ya kwanza, Mattio," nilisema. "Ya kwanza. Wewe umekulia hapa, si mimi. Wewe ndiye uliyepaswa kujua. Mama yako ataniuliza swali moja, mkono wa nani, nami nimjibu nini?"

Niliona linamwingia. Liliingia polepole, uso ukabadilika rangi, akavua kofia akaikunja mikononi. Mtu aliyekulia na sharti lile, aliyetoa kinyago chake cha kwanza kwa padri akiwa na miaka tisa, alikuwa hajalifikiria kabisa. Aliona kitu kimepinda, akakinyoosha. Ndivyo alivyo. Picha zilizopinda kwenye kuta za watu anazinyoosha. Siku ya kwanza tulipokutana aliinama akaninyooshea meza yangu kantini kwa kuikunjia karatasi mguuni, ndipo akasema jina lake.

"Mwambie ni wako," alisema taratibu. "Mimi sitasema. Bernadette hatasema."

"Na kiju'?"

"Kiju' naye nitampelekea mkunga, yule samaki anayempenda."

"Huyo ananunulika kwa mkunga?"

"Hapana," alikiri.

"Halafu tukioana, Mungu akijalia, nitakuwa nakuja kwa mama mkwe nafungua uongo kila Jumapili. Nakaribishwa kwa uongo. Nakula supu kwa uongo."

"Basi tengeneza mwingine."

"Wa kwanza unatengenezwa mara ngapi?"

Mbele yetu barafu ya ziwa Pitu'paq ilikuwa imeanza kupasuka, maji meusi yanaonekana katikati. Nilisimama nikilitazama lile ziwa ili nisimtazame yeye, kwa sababu ningemtazama ningelia, na sikutaka Sosep awe na la kusimulia kantini.

"Kwa nini, Mattio? Sema ukweli. Si kwa sababu ya mama kunicheka tu."

Alikunja ile kofia mpaka nikaionea huruma.

"Jumatatu unaondoka," alisema. "Mashine nilishazizima. Nilikuwa nakwenda zangu. Nikauona umesimama pale peke yake, na alama zako za penseli, ule msalaba wako unaouchora vibaya kila mara. Nikasema niuguse tu. Nilitaka kushika kitu chako. Halafu randa ilikuwa pale."

Mwanamume akikuambia neno kama hilo unataka kumkumbatia. Nilitaka. Mwili wangu wote ulitaka. Lakini hasira nayo ilikuwa na haki yake, na pilipili aliyoila yeye ndiyo iliyokuwa inaniwasha mimi.

"Ungenishika mimi," nilimwambia. "Niko mita mia tatu kutoka pale. Ungebisha hodi."

"Ningebisha nikwambie nini? Usiende?"

"Ungetaka nisiende?"

"Nataka uende. Na nataka usiende. Yote mawili yako hapa." Akajigusa kifua. "Na mama kila asubuhi ananipa chai ananiambia, baba yako naye alisema miezi mitatu."

"Mimi si baba yako."

"Najua."

"Sasa kwa nini unanitengeneza kabla sijavunjika?"

Nilisema kwa sauti, na nyundo ya Sosep ikanyamaza tena. Mattio aliinamisha kichwa. Hakujitetea, na angalau angejitetea ningepata mahali pa kuutupia moto wangu.

"Upakie garini," nilimwambia. "Tunaupeleka."

"Kwa mama? Sasa hivi?"

"Saa sita atakuwa jikoni. Tunaupeleka na utasimama pembeni yangu usikie nitakachosema. Na usiseme neno."

Tuliufunga kwa blanketi tukauweka nyuma ya pikapu. Njia nzima hatukuzungumza. Alipobadilisha gia mkono wake ulipita karibu na goti langu, haukuligusa. Ni mwendo wa dakika nne, na sijawahi kusafiri safari ndefu kama ile, hata ile ya kutoka Boston.

Kila nilipofikiria la kusema, uongo ulikuja wa kwanza. Ulikuwa mwepesi. Wangu peke yangu, maneno matatu, nilishayajua kwa Kimi'kmaq tangu Novemba. Niliyafanyia mazoezi kwenye maji ya kuoga. Miezi mitano nilikuwa nimeyabeba yale maneno. Na kazi ile kwa kweli ilikuwa yangu: niliiranda mimi, nikachimba mashimo ya bawaba mimi, kidole kimoja kilipoteza ukucha. Yeye alitoa unene wa kucha tu. Nani angenilaumu? Tuliposimama mbele ya nyumba bado sikuwa nimeamua.

Mama Elisapet alitoka kabla hatujabisha. Ni mwanamke mfupi, aproni ya maua, miwani imepanda kichwani. Harufu ya supu ya mkunga ilitoka naye. Aliufunga mlango wake mbovu nyuma yake kwa teke, bila hata kugeuka, kama alivyozoea.

"Kwe', mama," nilimwamkia.

"Boston," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwangu. Akamgeukia mwanawe. "Mbona hupo kazini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi mbona uso umekuwa hivyo?"

Mattio alinitazama mimi, akafunga mdomo. Alitimiza ahadi. Tuliushusha mlango tukausimamisha barazani, tukafunua blanketi. Msonobari ulikuwa mweupe kwenye mwanga ule, na Mama Elisapet akashusha miwani puani. Alitazama mlango. Akatazama fremu yake. Akatazama tena mlango.

"Umepima nyumba yangu lini?"

"Siku ya bingo."

"Ipi?"

"Ile uliyoshinda bata mzinga."

Akaguna. Sikujua mguno huo ni wa nini. Akasogea akapitisha kiganja juu ya ubao, toka juu mpaka katikati, taratibu, na niliona anakaa zaidi pale nilipofukia fundo la mti. Mke wa seremala, mama wa seremala, kiganja chake kinajua. Alipofika chini upande wa kitasa kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikasimama tena.

Kisha akainua macho akaniuliza kwa Kimi'kmaq, polepole, anavyomwuliza mtoto. Mkono wa nani?

Yale maneno matatu yalikuwa tayari ulimini. Nilimtazama yule mama. Nilimwona amesimama mbele ya mlango uliooza, miaka ishirini na miwili anaupiga teke kwa sababu aliyeahidi kuutengeneza alisema miezi mitatu. Huyu mtu alishaongopewa vya kutosha, nami sikutaka kuwa wa pili.

"Wangu," nilimjibu kwa Kimi'kmaq changu kibovu. "Na wa mwanao."

Mattio alivuta pumzi. Mama Elisapet hakushtuka. Aligonga gonga pale chini kwa kidole.

"Hapa?"

"Hapo."

"Ulimwomba?"

"Sikumwomba."

Ndipo akamgeukia mwanawe, na Kimi'kmaq kilichofuata kilikwenda mbio hata sikukikamata chote. Nilikamata mjinga. Nilikamata kama baba yako. Nilikamata neno la kazi na neno la kwanza, na kitu kuhusu mikono yake kukatwa. Mattio, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, alisimama akitazama viatu vyake.

"Mama, nilitaka kumsaidia tu."

"Alikuwa anazama?"

"Hapana."

"Basi."

Akanirudia mimi. Alivua miwani akaifuta kwa aproni, na alipoongea aliongea polepole, ili nisikie kila neno.

"Siuchukui."

Nilitegemea, lakini kutegemea hakukunisaidia. Miezi mitano ya kazi, ukucha mmoja, na yote niliyokuwa nimeyapanga yakaishia pale barazani pa mtu.

"Naelewa, mama," nilisema. Nikaanza kuokota blanketi, maana machozi yalishafika na nilitaka kuwa na kitu cha kuinamia.

"Huelewi. Weka hilo blanketi chini, Boston, bado naongea." Akauegemeza mlango ukutani kwa mkono wake mwenyewe. "Kazi ya mtu mmoja unampa mtu mwingine. Kazi ya watu wawili inakaa na hao wawili. Sasa huu nikiuchukua mimi, nitakuwa nimewaibia. Mama yangu angefufuka."

Nilikuwa nimeelewa kila neno, bila Mattio kunifasiria, na bado nilimgeukia kuhakikisha. Alikuwa ameishika nguzo ya baraza.

"Mama," alisema, "hao wawili hawana nyumba."

"Hilo nalo mnataka niwafanyie mimi?"

"Umepimwa kwa fremu yako," nilisema mimi. "Hautaingia pengine."

"Basi jengeni nyumba iufuate. Mmeanza kinyume, malizieni kinyume." Akashuka ngazi mbili, akaenda hadi kwenye pikapu, akainua turubai, akapekua ndani ya sanduku la mwanawe. Akarudi na randa. Akaitia kwenye mfuko wa aproni, aproni ikaning'inia upande mmoja.

"Hii inakaa kabatini kwangu mpaka huyu arudi kutoka Halifax," alimwambia Mattio. "Tuone kama utalala."

"Mama, nina kazi. Nyumba ya watu haijaisha."

"Azima ya Sosep."

Mimi bado nilikuwa nimesimama na ncha ya blanketi mkononi. "Na mlango wako, mama?" niliuliza. "Baridi ikirudi?"

Alinitazama. Sitasema macho yake yalilainika, hayakulainika.

"Mimi wangu uko pale pale. Mguu wangu mzima. Utaniletea mwingine ukirudi, wa kwako peke yako, nami nitakuuliza tena swali lile. Umesema miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Mitatu," alirudia. Aliuvuta mlango wake mbovu, akaingia, akaufunga kwa ndani kwa teke. Tulisikia sufuria ikifunikwa. Hakutukaribisha supu.

Tulibaki barazani sisi wawili na mlango wetu. Mattio alinyoosha mkono kunifuta shavu, akakumbuka, akauacha mkono hewani.

"Naruhusiwa?"

"Hilo unaruhusiwa," nilimwambia. "Nimelia mwenyewe, hukunisaidia."

Alinifuta. Kidole chake kilikuwa na harufu ya msonobari, na nilikiacha pale shavuni muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Bado nilikuwa na hasira naye. Nilijua nitakuwa nayo mpaka Jumatatu, na kwamba ndani ya basi la Halifax itakuwa imeisha na nitatamani niwe nayo, iniweke karibu naye.

"Shika kule chini," nilisema. "Upande ulioharibu."

"Tunaupeleka wapi?"

Tuliuinua, yeye mbele mimi nyuma, tukashuka nao ngazi pole pole. Mlango mzuri, haubani, hauna kasoro, na kijijini kote hatukuwa na hata jiwe moja la msingi la kuusimamishia.